Jina Linalotokea Ukilipa

Kokand, 6 Oktoba 2024

Wifi yangu Zebiniso,

Pokea salamu za nyumba hii, za Mama kwanza, maana amenikataza kuweka zangu mbele ya zake. Goti lake lina nafuu tangu tuanze kulifunga kwa majani ya kabichi, na asubuhi anatoka mwenyewe uani kuyakagua matunda ya behi kama mkaguzi wa serikali. Anauliza Munisa ameshajua kusoma? Mtoto wa darasa la kwanza hajui kumwandikia bibi yake hata mstari mmoja?

Barua hii naipitisha kwa Tolqin wa teksi, pamoja na halua na mikate sita. Ulisema nisikuandikie Telegramu kwa kuwa jioni simu anaishika Sherali, anawajibu wateja wenu wa violezo vya kukatia nguo. Basi nakuandikia kwa kalamu kama watu wa zamani. Mwandiko utauvumilia.

Hao wateja wenu nimewasikia kwa watu. Alhamisi alikuja Oyimxon, yule anayemwoza binti yake, kashika kitambaa cha hariri ya atlas na karatasi nyingi zilizobandikwa zikawa moja. Akaniambia, "Nishonee hii, Sharofat. Nimenunua kwenye Telegramu, ni kiolezo cha Tashkent."

Nikazitandaza mezani. Kola inasimama, na nyuma imeinamishwa kidogo kwa ndani ili isichome shingo. Nikamuuliza, "Cha Tashkent kweli?"

"Cha Tashkent. Huku kwetu nani anajua kukata hivi?"

Nikaishona. Imemkaa binti vizuri sana.

Sina neno juu ya hilo. Ninachotaka kukuuliza ni kingine. Na mimi nataka kuuza violezo vyangu huko huko kwenye simu, maana macho yanachoka na kushona usiku na mchana kwa ajili ya wengine sitaweza milele. Kuchora najua, na jirani yangu Gulchehra atanipiga picha. Nisilolijua ni malipo. Watu wanawalipaje? Nifundishe, wewe uliyetangulia.

Hela ya mwezi ya Sherali imefika, mwambie Mungu amzidishie. Ndugu wa kiume wengi wakishaoa husahau mlango waliotokea. Wangu hakusahau. Na nyumba hii ni yake, yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi mkewe angekuwa humu akimmiminia Mama chai. Lakini haya, Tashkent ni Tashkent.

Wifi yako,
Sharofat


Tashkent, 20 Oktoba 2024

Dada Sharofat,

Tolqin alitufikishia kila kitu, halua ikiwa nzima na mikate ikiwa mitano. Anasema mmoja ulimwita njiani. Mbusu Mama mikono. Munisa anasoma, ila anasoma vibao vya maduka tu, kitabu anakikimbia. Sherali yuko na madirisha yake ya plastiki. Majengo yamepungua tangu kiangazi, lakini hajambo.

Umeniuliza malipo, na mimi nitakujibu kama ninavyojua. Watu wana njia tatu.

Ya kwanza ni kadi kwa kadi. Unaandika namba ya kadi yako kwenye chaneli, mtu anatuma hela, anakuletea picha ya risiti, nawe unamtumia faili. Hata bikizee anaijua. Ubaya wake, huwezi kubandua macho kwenye simu, na wako wanaotengeneza risiti za uongo wakakuapia kwa watoto wao. Halafu kabla hela haijaondoka, simu ya mnunuzi inamwonyesha jina la mwenye kadi. Wengine hawapendi jina lao litembee hivyo.

Ya pili ni kuunganisha roboti ya malipo. Mtu anabonyeza, analipa, faili linamfikia. Lakini lazima ujisajili kwanza kama mtu aliyejiajiri, usaini mkataba na kampuni, nao wakate chao. Kwa mtu anayeanza ni kujisumbua.

Ya tatu ni nyota za Telegramu yenyewe. Mnunuzi ananunua nyota humo humo, anakulipa kwa nyota, na faili linajifungua lenyewe hata wewe ukiwa jikoni umepaka unga mikononi. Huhitaji kadi, huhitaji risiti. Kwa mtu kama wewe, mwenye mgonjwa na cherehani, mimi ningesema nyota. Sisi tuko kwenye kadi kwa sababu ndiko tulikoanzia, na kuhama ni kazi.

Mpe Oyimxon hongera za arusi.

Na kama hutachoka, dada, nina ombi. Wanawake wananiuliza sana juu ya ule mkono wa gauni, mpana, unaokusanyika kifundoni, ule unaowashonea maharusi. Nichoree na vipimo vyake. Nimejaribu mwenyewe, unanikatalia begani.

Wako,
Zebiniso


Kokand, 24 Novemba 2024

Zebiniso,

Hatujambo. Mama ana kikohozi, tumemkanda kwa mafuta ya kondoo, sasa anakohoa na kunuka pilau. Behi zimeisha, nimekuwekea chupa mbili za jamu.

Nimefungua chaneli. Gulchehra kanipiga picha mikono tu, nimekataa sura. Nikaweka violezo vitatu na kuandika kama ulivyonifundisha: malipo kwa nyota.

Wifi, wanawake wa Kokand hawazijui nyota. Mmoja kaniandikia, "Dada, nyota ngapi, za kushona kwenye kitambaa?" Mwingine kaenda kuziulizia kwenye duka la simu sokoni, kijana wa dukani kamcheka mbele za watu, naye kaja kunigombeza mimi. Akanipungia kadi yake usoni: "Hii hapa, ina hela, chukua. Unanipeleka mbinguni kutafuta nini?"

Wamenunua wawili. Mmoja ni mwanafunzi wa Samarkand, mwingine anasema alibonyeza kwa bahati mbaya.

Hela yenyewe nayo siioni. Gulchehra kasoma, eti nyota zinakaa wiki tatu kabla hazijatoka, na zikitoka hazitoki hela yetu ya som, zinatoka sarafu za mtandaoni, nazo zinataka mtu wa kuzibadilisha. Mimi nitampata wapi mtu huyo hapa mtaani, nikamuulize muuza kabichi? Hili la wiki tatu wewe ulikuwa unalijua?

Tulitaka pia kujionea kwenu mambo yanakwendaje. Gulchehra akaweka namba ya kadi yenu kana kwamba ananunua. Pakatokea SHERALI. Nikafurahi, sikufichi. Kumbe hela inaingia mkononi mwa ndugu yangu. Chema chajiuza, wifi, na akiba yake nayo ikae kwa mwenyewe.

Mkono ulioniomba nimekuchorea, uko ndani ya bahasha ya khaki, na vipimo vyote.

Sharofat


Tashkent, 29 Desemba 2024

Dada,

Nisamehe kuchelewa. Tolqin alikwama siku kadhaa, theluji imefunga njia ya milimani, na barua yako ilinifikia inanuka dizeli. Jamu tumeifungua papo hapo. Munisa alikula na kijiko mpaka akaumwa tumbo.

Hilo la wiki tatu kwa kweli lilinitoka kichwani. Mambo ni mengi.

Ahsante kwa mkono. Sikuwa na wasaa wa kuujaribu kwenye kitambaa, nikauamini kwa kuwa ni wako. Nimeuweka kwenye chaneli kabla ya mwaka mpya na umetoka kama maji. Kila mtu ana arusi. Sherali anajibu mpaka kidole gumba kinamuuma. Kuna mwanamke wa Andijan kalipa, kaona jina, kaandika: "Ahsante kaka Sherali, mikono yako idumu, sikujua mwanamume anaweza kushona hivi." Na maua matatu. Sherali akacheka, akamjibu, "Na wewe udumu, dada." Nikamwambia, "Mwambie basi kwamba wewe sindano huwezi hata kuitunga uzi." Akasema, "Amelipa, hajalipa?" Nikasema kalipa. "Basi."

Maua yale bado yako kwenye simu.

Heri ya mwaka mpya. Mbusu Mama.

Zebiniso


Kokand, 18 Januari 2025

Wifi yangu,

Leo nakuandikia kwa furaha, hata Mama ananiuliza mbona natabasamu peke yangu. Njoo uone kilichosimama dirishani kwangu. Mashine ya ovaloki, mpya, nyuzi nne, haina kelele, inakula kingo za hariri kama mbuzi na nyasi. Sherali amenitumia hela yake yote kwa mkupuo, na ujumbe: "Dada, umeshona kwa mashine ya marehemu Baba inatosha."

Nililia. Nikawaita majirani wakaja kuitazama. Nikawaambia, huyu ni ndugu yangu, mke wake ana kila kitu huko mjini na bado hakunisahau mimi niliyerudi nyumbani na sanduku moja. Wakasema, mwenye ndugu kama huyo mume wa nini.

Wewe usinune. Damu ni nzito kuliko maji, hilo hatukulitunga sisi.

Ile chaneli yangu nimeiacha. Mwanafunzi wa Samarkand pekee hafanyi soko.

Hukuniambia ule mkono unaendaje. Wanaupenda?

Sharofat


Tashkent, 9 Februari 2025

Dada Sharofat,

Mama aniwie radhi, salamu zangu leo ni fupi. Tuko wazima.

Umeuliza ule mkono unaendaje. Haufungi. Ukiupeleka begani, unabaki mfupi kuliko tundu lake, upana wa vidole viwili, na huwezi kuuvuta kwa sababu hariri ya atlas haivutiki. Wanawake wamekata vitambaa vya maharusi. Mmoja kanitumia picha ya nguo imetandazwa kitandani na bibi harusi pembeni anajifunika uso. Wakaanza kuandika chini ya kila picha yangu: wezi, rudisheni hela, Sherali tapeli. Siku mbili nilikuwa nafuta, nao wanaandika.

Nikatoa sandukuni gauni langu la arusi, ulilonishonea wewe. Nikaufumua mkono wake, nikauweka juu ya mchoro wako. Kila kipimo kinalingana isipokuwa pale juu. Pale peke yake. Mtu anayekosea hukosea ovyo ovyo, dada. Sitakuuliza kitu.

Nikamwambia Sherali, "Tuwarudishie watu hela yao."

Akaiweka simu mezani. Nikamwambia tena. Akasema, "Kadi haina kitu."

"Hela za mkono ziko wapi?"

"Nimempelekea dada akanunua mashine."

"Zote?"

"Zebi, nikamwombe airudishe dukani? Majirani wameshakuja kuitazama."

Sasa nisikilize, maana nimelimeza jambo hili kwa muda mrefu. Sherali hana kazi tangu Juni. Kampuni ya madirisha ilifungwa. Anatoka asubuhi, anakaa na wenzake kwenye banda la chai, anarudi. Hela ya kodi ya nyumba, daftari za Munisa, dawa ya goti la Mama, na hela ya mwezi unayomwombea dua, zote zinatoka kwenye chaneli. Zinaingia kwenye kadi yake kwa sababu tulipoanza mimi sikuwa na kadi, na yeye alisema, mimi na wewe si kitu kimoja?

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kukuambia. Akasema, "Ningemwambia nini? Kwamba mke wangu ananilisha mimi na dada yangu?" Akageukia ukutani.

Kila mara ulipoandika kwamba ndugu yako hakukusahau, nilisoma barua yako jikoni, nikaikunja, nikaendelea kukata vitunguu. Ndiyo, nilikuwa nalijua hilo la wiki tatu. Nilitaka uone hela yako ikipita mbele yako na usiweze kuigusa, ujue inavyokuwa.

Jumatatu nilikwenda kufungua kadi. Nimejisajili mtu aliyejiajiri, ilichukua muda mfupi kuliko kusubiri basi. Roboti ya malipo nimeiunganisha mwenyewe. Sasa anayelipa anaona ZEBINISO. Wale walioharibikiwa ninawarudishia kidogo kidogo, anayelia zaidi ndiye wa kwanza.

Kwa hiyo mwezi huu usipoona kitu kutoka kwa Sherali, usimlaumu. Hana. Dawa ya Mama nitaituma mimi, na jina utaliona.

Z.


Kokand, 16 Machi 2025

Zebiniso,

Mama anakusalimu. Anafunga ingawa daktari kamkataza, tunaficha saa ili asihesabu. Dawa yake imefika, jina nimeliona.

Wiki nyingi sikukuandikia. Tolqin alipita mara tatu akiniuliza kama kuna barua, nikamwambia hakuna. Mara ya nne akasema, "Mmegombana?" Nikamwambia aangalie barabara.

Nilidhani nitakujibu kwa maneno makali. Nilikuwa nayo mengi. Kwamba kola ilikuwa yangu. Kwamba miaka mitatu ulikaa kwenye stuli pembeni yangu ukiokota sindano, nikakuonyesha kila kitu kwa sababu ulikuwa mke wa mdogo wangu na nilidhani utabaki. Ukaondoka na ndugu yangu na mikono yangu. Halafu unaniandikia kwa upole, nichoree na mkono. Nilikaa na karatasi ile jioni nzima. Nilipofika pale juu begani penseli iliingia ndani yenyewe, nami nikaiacha iingie. Nilijua kitakachotokea. Nilitaka wakuulize, na wewe usijue jibu.

Sikufikiria bibi harusi. Hilo ndilo linaloniamsha.

Akaja mmoja, si mmoja, wakawa wanakuja. Wa Kokand na wa Margilan, wameshika nguo zenye mabega wazi. Wanasema, "Sharofat, tumeibiwa Tashkent, tuokoe." Wakakutukana wewe mbele yangu, nami niko na pini mdomoni. Wa kwanza nilimsikiliza. Wa pili nikamwambia anyamaze.

Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Basi nikawatilia kikwapa. Nilikata kipande cha pembe nne, cha rangi nyingine, nikakiingiza chini ya mkono, mkono ukapanda mpaka ukafika begani. Wa kwanza nilitumia zambarau kwenye kijani, kwa kuwa ndicho kilichokuwepo mezani. Yule binti akainua mkono mbele ya kioo, ikaonekana, akauteremsha, ikapotea. Akauinua tena. Mama yake akasema, "Hiki kimetoka wapi?" Nikasema, kimetoka kwenye kosa.

Gulchehra amepiga video, mikono yangu mwanzo hadi mwisho, polepole, na vipimo. Kadi ya kumbukumbu yenye video iko ndani ya bahasha hii. Wape wote walionunua, bure. Wale uliowarudishia hela pia. Na uandike hivi, neno kwa neno: mkono ulichorwa na Sharofat wa Kokand, kosa ni lake, na kikwapa ni chake. Usiandike "wifi yangu". Andika Sharofat.

Mashine siirudishi. Nimeizoea. Lakini nimewaambia majirani imetoka kwa nani. Mmoja wa waliokuja kuitazama akasema, "Basi una wifi." Nikaiwasha, nikaendelea kushona.

Kwa Sherali nimeandika barua yake peke yake. Nimemwambia ukuta wa uani umeanguka upande mmoja, Mama anataka ujengwe, na kazi ni kazi hata kama ni ya nyumbani. Akija, mpe nauli.

Sharofat


Tashkent, 20 Aprili 2025

Dada Sharofat,

Iddi iliyopita iwe ya heri kwenu. Nasikia Mama alifunga mwezi mzima akawashinda wote. Sherali amerudi kutoka kwenu na mikono imechubuka, anasema ukuta umenyooka, na Tolqin amemwuliza kama anaweza kumjengea na yeye. Juzi alikaa mezani akala bila kutazama simu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Video niliiweka siku ile ile ilipofika, na maneno yako niliyaweka kama ulivyoyaandika, hata lile la kosa. Nilitaka kulifuta. Sherali akasema, "Liache, ametaka mwenyewe."

Sasa nikuambie kilichotokea, na nitakuambia kama kilivyo.

Hawakuuliza kosa. Waliuliza mikono. Chini ya video waliandika: mikono ya nani hii, mbona inatulia hivi, mwambieni atufundishe zaidi. Yule wa Andijan aliyempa Sherali maua, safari hii amekuletea wewe maua tisa. Wanawake ambao hawakuharibikiwa na kitu sasa wanataka kikwapa. Wanakata nguo nzima, nzima kabisa, ili watie kikwapa cha rangi nyingine. Kuna mmoja kaniuliza mimi, kwenye chaneli yangu mimi, "Wewe ni msaidizi wake?"

Dada, niliumia. Niliweka simu kwenye kabati la viatu. Nilikuwa nafua, nabishana na wewe kichwani, nakushinda, naanza upya. Mwaka mzima nimejenga chaneli ile, nimekesha nayo Munisa akiwa na homa, na wewe umeingia kwa kosa, kwa mikono tu, bila hata sura, na wamekupenda.

Wakaanza kuuliza wakulipeje. Hawataki kunilipa mimi nikufikishie. Wanataka wewe mwenyewe. Ningeweza kuwaambia walipe kwa roboti yangu, pangetokea ZEBINISO, nikakutumia nikipenda na ninachopenda, nawe usingejua. Najua jinsi inavyofanywa, nimefanyiwa. Niliandika namba ya kadi yako, nikaifuta. Niliiandika tena, nikaifuta. Sherali alikuwa anavaa viatu mlangoni. Nikamuuliza, "Nifanyeje?" Akasema, "Mimi kwenye mambo ya kadi usiniulize tena," akaenda kwenye kibarua chake kipya cha uashi.

Asubuhi ya Ijumaa nimeibandika. Magauni na kola, roboti yangu. Mikono na vikwapa, kadi ya Sharofat. Kila kimoja kwa jina la mwenyewe, na kola nimeandika chini yake nilijifunza wapi. Wewe kwa sasa baki na kadi kwa kadi, achana na nyota, achana na roboti mpaka uchoke kutazama risiti. Hela lazima uione imeingia kwako ndipo utume faili, picha ya risiti usiiamini hata aape kwa nani. Usiku zima simu, wasubiri. Hii ndiyo njia yenyewe, dada, safari hii nimekupa nzima, si kipande.

Sitakuficha na hili. Jana watu kumi na mmoja walikulipa wewe, risiti zao wamezibandika kwenye chaneli. Mimi walinilipa watatu, na mmoja alikuwa amekosea, alikuwa anakutafuta wewe.

Kwa hiyo usiniandikie mpaka mwezi uishe. Ukiandika nitasoma furaha yako hata kwenye salamu, na sijawa tayari. Mama msalimie kila siku kwa niaba yangu, yeye hana kosa.

Mimi,
Zebiniso